Mtoto kang'atwa na kijibwa dukani, muuzaji anasema "usijali, kashachanjwa"

SWALI: Shikamoo dokta. Juzi nilienda na mwanangu wa miaka minne kwenye duka la wanyama wa kufuga, kitambo analilia kitoto cha mbwa. Kufika pale sakafu karibu na matangi ya samaki imelowa na ekstensheni imelala hapohapo kwenye maji, nikamwambia kijana wa duka akacheka tu. Wakati tunaangalia vijibwa, kimoja kikamng'ata mtoto kidole kwenye uwazi wa vyuma vya kizimba, damu ikatoka kidogo sana. Meneja akasema nisijali, huyo kashachanjwa, akampa mtoto plasta na pipi. Je kuna haja ya kwenda hospitali kwa kakidonda kama kale? Na nina haki ya kuwadai hela ya matibabu au ndo nitaonekana mama mwenye makelele?

JIBU: Marahaba mama. Naanza na kidole cha mtoto, hayo mengine ya maji na waya na huyo meneja tutayafikia, maana kidole hakisubiri.

Kama hujaenda hospitali nenda leo hii, usingoje kivimbe ndo uamini ni kidonda cha kweli. Jino la mbwa likishatoboa ngozi, hata kama imetoka damu tone moja, kwenye mambo ya kichaa cha mbwa hilo linahesabiwa jeraha la daraja la tatu ambalo ndo la juu kabisa, hawaangalii ukubwa wa kidonda wanaangalia kama ngozi imepasuka. Na kabla hujatoka nyumbani, osha. Najua ni juzi, osha tu hata kama siku zimepita. Maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15, na nikisema 15 namaanisha weka simu ihesabu, maana mtu akiosha kwa kukadiria dakika moja inaisha anaona kaosha nusu saa, na mtoto naye analia mkono unauvuta, basi mkalishe mapajani umuwekee katuni upate muda wako. Sabuni yoyote yenye povu inafaa, ya mche, ya kuogea, ya maji. Kirusi cha kichaa cha mbwa kina ganda la mafuta kwa nje na sabuni inalivunja lile ganda, ndo maana Shirika la Afya Duniani halichoki kurudia hizo dakika 15. Baada ya hapo kama una ile dawa ya kahawia ya ayodini paka. Usiweke pilipili, usiweke majivu, mafuta ya taa, maji ya betri wala majani yaliyotafunwa na mtu, hivyo vinaunguza nyama na kuzidi kumfungulia kirusi njia. Ile plasta itoe, jeraha la meno linataka kupumua, na hospitali hawatakuwa na haraka ya kulishona.

Sasa hiyo "kashachanjwa". Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu hili neno limeshawalaza watu wengi nyumbani wakati walitakiwa wawe foleni ya sindano. Meneja inawezekana kabisa hakudanganyi, yule mbwa kweli kachanjwa. Swali ni kachanjwa nini. Vitoto vya mbwa vinaanza chanjo kwenye wiki ya sita mpaka ya nane, na hizo za mwanzo ni za parvo, distempa na wenzake, magonjwa yanayoua mbwa, hayakuhusu wewe wala mwanao. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida inakuja baadaye, sehemu nyingi wanasubiri afike kama miezi mitatu, halafu hata akichomwa leo kinga haiamki leo, inahesabiwa imeshika baada ya wiki tatu mpaka nne. Sasa jiulize vile vijibwa vinavyouzwa madukani vina umri gani? Vingi vina wiki nane, tisa, kumi, kwa sababu mteja anakitaka kikiwa bado kidogo chenye manyoya kama pamba. Kwa hiyo mbwa anaweza kuwa na kadi, ina mihuri, ina stika za kupendeza, na bado hana kinga hata chembe ya ugonjwa unaokuhofisha wewe.

Ndo maana nasema ukiambiwa amechanjwa uliza vitu vitatu palepale: chanjo gani, tarehe ngapi, na daktari gani kasaini. Alafu omba uione kadi kwa macho yako na uipige picha. Angalia kama kuna stika ya chupa yenye namba ya toleo, angalia umri na rangi ya mbwa vinalingana na huyo aliyeng'ata, maana kizimba kimoja kina vijibwa vitano vinafanana kama mapacha na kadi zote ziko kwenye droo moja kaunta, mhudumu akiulizwa anachomoa ya juu. Akikwambia kadi iko kwa bosi, au mbwa huyu tulimpokea jana kadi inakuja, hilo nalo ni jibu, umeshaelewa kwamba huna uhakika na unaenda hospitali ukiwa huna uhakika, na daktari atakutibu hivyohivyo.

Kitu kingine ambacho wateja hawakijui na maduka mengi nayo hayakitimizi: yule mbwa aliyeng'ata asiuzwe, asihamishwe, na wala asiuliwe. Akae chini ya uangalizi siku 10. Mbwa (na paka vilevile) akishaanza kutoa kirusi kwenye mate anakuwa na siku chache sana kabla hajaugua waziwazi na kufa, kwa hiyo zikipita siku 10 tangu amng'ate mtoto na bado anakula, anacheza, hana shida, basi ile siku alipong'ata mate yake hayakuwa na kirusi. Hiyo taarifa ina thamani kubwa kwa daktari wenu, anaweza akasimamisha sindano zilizobaki. Ila sindano zinaanza kwanza, hazisubiri siku 10 ziishe, hasa kama mnaishi sehemu ambayo kichaa cha mbwa bado kipo. Sasa duka likimuuza yule mbwa kesho yake kwa mtu wa mkoa mwingine umepoteza ushahidi wote. Kwa hiyo leo hii ukitoka hospitali, au ndugu yako aende wakati we uko hospitali, waambieni kwa maandishi, meseji inatosha: mbwa fulani, rangi fulani, kizimba fulani, kamng'ata mtoto tarehe fulani, tunaomba awekwe pembeni siku 10 na daktari wa mifugo wa serikali ajulishwe. Hiyo meseji itakusaidia na mbele ya safari.

Sikutishi mama. Uwezekano kwamba kitoto cha mbwa kilichozaliwa na kufugwa ndani kina kichaa ni mdogo. Lakini huu ni ugonjwa ambao dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona, unakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka duniani, mbwa ndo wanaosababisha karibu wote, na kama asilimia 40 ya wanaokufa ni watoto chini ya miaka 15. Na unachelewa kujitokeza, mara nyingi miezi miwili mpaka mitatu, wakati mwingine wiki moja tu, wakati mwingine mwaka, kidonda kishapona mmeshasahau. Sindano zikianza mapema na jeraha likaoshwa vizuri unazuilika kabisa. Mbele ya hesabu kama hiyo mzazi habahatishi. Hospitali waulize pia kuhusu pepopunda, nenda na kadi ya kliniki ya mtoto waone chanjo zake ziko wapi.

Nimeshaandika mengi kwa kidole kimoja, ila wacha nitoke kidogo kwa mbwa, kwa sababu najua wanaosoma hapa wengine waliong'atwa ni na paka, wengine hamsta, yule panya mdogo wa kufugwa, na kila mnyama ana ujanja wake.

Paka ndo anadharaulika kuliko wote. Jino lake ni jembamba kama sindano, linaingia ndani kabisa mpaka kwenye kano na kiungo, alafu tundu la juu linajifunga, ukiangalia unaona kidoa tu. Ndani bakteria wake wanabaki wanapika. Mkono ukianza kuvimba, kuwa mwekundu na kuuma ndani ya saa 24, hiyo ni hospitali bila mjadala, hasa kama ameng'ata kiganja au vidole. Vipaka vya dukani vinagawa pia mashilingi, yale mabaka ya duara kwenye ngozi, yule paka mwenyewe unaweza ukamwona msafi hana hata kipara kimoja.

Kobe, mijusi na nyoka: hawa shida sio meno, ni salmonela, bakteria wa kuharisha. Wanaibeba tumboni wakiwa wazima kabisa, inatoka na kinyesi, inasambaa kwenye gamba, kwenye maji, kwenye kioo. Marekani mwaka 1975 walipiga marufuku kuuza kobe wadogo wenye gamba chini ya inchi 4, yaani kama sentimita 10, sababu walikuwa wanauzwa kama midoli na watoto walikuwa wanawatia mdomoni. Mtoto chini ya miaka mitano hatakiwi kushika reptilia, na wala asishike kile anachokaa ndani yake. Na wale panya walioganda kwenye friza wanaouzwa kama chakula cha nyoka, baridi haiui salmonela, usiwaweke kwenye mfuko mmoja na vitu vya jikoni.

Hamsta na panya weupe mjamzito awapitie mbali. Kuna kirusi kinachobebwa na panya wa kawaida wa majumbani, hamsta anakiokota akiwa stoo au dukani, kwa mtu mzima kinaweza kupita kama mafua ila kwa mtoto aliye tumboni kinaharibu ubongo na macho. Marekani mwaka 2005 watu watatu waliopandikizwa viungo walikufa, uchunguzi ukaonyesha mtu aliyetoa viungo alikuwa na hamsta nyumbani kwake, na hamsta mwenyewe katokea duka la wanyama. Na 2003 hukohuko ile homa ya mpox iliingia kwa watu zaidi ya 40 kupitia wanyama wadogo wa kufuga waliokaa pamoja na panya walioagizwa kutoka Ghana. Kuchanganya wanyama wa sehemu tofauti kwenye chumba kimoja kisicho na hewa kunaleta mambo kama haya, kwa hiyo ukiingia duka ukaona kizimba cha panya kimebebeshwa juu ya kizimba cha sungura na mkojo unadondokea chini, geuza.

Kasuku na ndege wadogo hatari yao iko kwenye vumbi la kinyesi kilichokauka. Kuna bakteria humo, ukivuta hewa yake unapata homa, kichwa kinauma vibaya, kikohozi kikavu, baada ya siku 5 mpaka 14 hivi, na ukienda hospitali bila kutaja kwamba ulikuwa kwenye duka la ndege watakutibu vitu vingine. Taja. Ni ugonjwa unaotibika kwa antibaotiki ya kawaida ukijulikana. Mhudumu akianza kufagia vizimba vikavu na vumbi linapaa mbele yako, toka nje subiri amalize, sakafu ile ilitakiwa inyunyiziwe maji kwanza. Kasuku wakubwa nao usiwape kidole, mdomo unaopasua njugu ngumu hauchagui.

Haya, sasa yale maji na ekstensheni. Yule kijana aliyecheka angekuwa wangu asingecheka. Kwenye duka la wanyama hii kona ya samaki ndo inaongoza kwa hatari za kimya kimya. Angalia kilichopo: tangi, hita ndani ya maji, pampu ya hewa, filta, taa, vyote vinataka umeme na vyote viko juu ya maji au ndani yake. Waya wowote unaotoka kwenye tangi unatakiwa ujinyonge kwanza chini ya usawa wa soketi alafu ndo upande kwenda kuchomekwa, ili maji yakitiririka kwenye waya yadondoke kwenye ule mkunjo wa chini yasifike soketi. Ukiona waya umenyooka kutoka kwenye tangi moja kwa moja kushuka mpaka kwenye ekstensheni iliyo sakafuni, maji yameshachorewa ramani. Halafu kuna hita zenye kioo kilichopasuka: umeme unaingia kwenye maji na samaki wanaogelea tu kama kawaida, kwa sababu wao hawajagusa ardhi. We unayetumbukiza kidole huku umesimama kwenye sakafu iliyolowa ndo njia. Kwa hiyo usiingize mkono kwenye tangi la duka hata ukiambiwa samaki wanapenda kuchezewa, na kama una kidonda mkononi ndo kabisa, kuna bakteria wa matangi wanaotengeneza uvimbe mgumu kwenye kidole wiki kadhaa baadaye, dawa zake unakunywa miezi.

Ukikuta hali kama uliyoikuta usijaribu kuwa fundi. Watu wanainama kuinua ekstensheni kwa nia njema wanapigwa shoti. Mshike mtoto mkono, rudi ulikotokea mpaka sakafu kavu, alafu sema kwa sauti ya kusikika: "Kuna ekstensheni kwenye maji hapa, zimeni meni swichi." Usiseme "samahani kaka nadhani hapa kidogo pameloana", hiyo ndo inachekwa. Taja kitu, taja mahali, taja cha kufanya. Akicheka, ongea na anayefuata juu yake, na wateja wengine walio karibu waambie wasipite. Na mtu akishapigwa shoti yuko chini bado kashika waya usimguse, umeme uzimwe kwanza.

Hapohapo kwenye samaki tazama na stendi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 200 ni zaidi ya kilo 200 ukijumlisha kioo na mawe, na unakuta limekaa juu ya meza ya mbao iliyolowa miaka miwili imebonyea kona moja. Mtoto akining'inia pale kuchungulia... basi tuishie hapo. Hata magunia ya chakula cha mbwa ya kilo 15, 20 yaliyopangwa kupita kichwa, usivute la katikati, ita mhudumu akushushie, kazi yake hiyo.

Mengine nayapitia haraka. Taa za joto za reptilia zinachoma, na zikiwa juu ya maranda au nyasi kavu ni moto unaosubiri siku, kwa hiyo ukiingia duka lolote la namna hii jua mlango wa pili uko wapi na kama haujazibwa na magunia. Dawa za viroboto na kupe zisikae mtoto anapofikia, na kama una paka nyumbani usikubali kuuziwa ya mbwa eti upake kidogo: nyingi zina permetrini, dawa ya kuua wadudu ambayo kwa paka ni sumu, paka anatetemeka, anapigwa degedege, anaweza kufa. Buibui wakubwa wenye manyoya, usisogeze uso kwenye boksi lake, wengine wakikasirika wanakwangua tumbo kwa miguu na zile nywele zinarukia machoni. Na ukisikia harufu kali inayochoma macho, kikohozi kinakushika ghafla na kuna mtu anadeki vizimba, inawezekana kamwaga jiki juu ya mkojo. Mkojo una amonia, ikikutana na jiki inatoa gesi inayochoma mapafu. Toka nje na mtoto, mwambie yule anayedeki naye atoke afungue milango, yeye ndo anavuta nyingi zaidi.

Kuhusu meno ya mbwa kwenye kizimba, mtoto wa miaka minne uso wake uko usawa mmoja na mdomo wa mbwa, ndo maana watoto wadogo wanaumia zaidi kichwani, usoni na shingoni. Namba moja asipitishe vidole kwenye vyuma hata kama kijibwa kinatikisa mkia. Mkia kutikisika maana yake mbwa kasisimka, furaha au hasira utaijua kwenye mwili mwingine: akikakamaa, akigeuza kichwa pembeni huku weupe wa jicho unakuangalia, akilamba midomo na hakuna chakula, akipiga miayo mchana kweupe, huyo anaomba nafasi. Mpe. Vitoto vyenyewe pia vinang'ata kwa mchezo na meno ya utotoni ni makali kuliko ya mkubwa. Ukitaka mtoto ashike, mhudumu amtoe nje ya kizimba, mtoto akae chini, wewe katikati yao. Wakimaliza mikono inaoshwa kwa maji na sabuni kabla ya pipi, sio baada. Jeli ya mkononi ni ya dharura tu, mkono wenye uchafu haiusafishi. Kati ya 2016 na 2018 Marekani watu zaidi ya 100 waliharishwa na bakteria iliyotokana na vijibwa vya madukani, tena ya aina iliyogomea dawa nyingi.

Wenye mbwa wenu mnaoenda nao dukani, kama hajamaliza chanjo zake msimshushe sakafuni pale, mbebeni. Parvo inakaa sakafuni miezi na miezi na sabuni ya kawaida haiishughulikii. Na kamba fupi, asisogeze pua kwenye vizimba vya wenzake.

Sasa tuje kwenye haki. Sheria za nchi hazifanani ila msingi unaokutana nao sehemu nyingi ni kwamba mtu akifungua duka akakaribisha wateja anawajibika kwa hatari anazozijua au alizotakiwa kuzijua, na anatakiwa aziondoe au aweke alama watu waone. We ulimwambia kijana kuhusu maji, kwa hiyo kuanzia pale duka linajua, hawawezi kusema hatukuwa na habari. Kwa kidole, kizimba chenye uwazi unaopitisha mdomo wa mbwa na kidole cha mtoto, kimewekwa usawa wa mtoto, bila alama wala mhudumu, hiyo ni hoja yako. Ila nikwambie na ya upande wa pili ili usije ukashtuka: kama palikuwa na bango "usiweke mkono" watakuuliza ulikuwa wapi, na sehemu nyingine wanapunguza fidia kwa hilo. Sema ukweli kama ulivyokuwa, usiongeze.

Kinachoshinda haya mambo ni karatasi. Tafuta picha zozote ulizopiga siku ile, hata ile ya mtoto anamchekea mbwa, kizimba kinaonekana nyuma. Kama hukupiga, rudi upige kizimba na sakafu kabla hawajarekebisha. Piga kidonda leo, kesho, keshokutwa, na sarafu pembeni ionyeshe ukubwa. Waombe waandike tukio kwenye kitabu chao cha matukio na upewe nakala, kama hawana kitabu andika mwenyewe karatasi moja, tarehe, saa, nani alikuwa zamu, nini kilisemwa na meneja, msomee asaini, akikataa andika kwamba kakataa. Namba ya simu ya mteja aliyeona. Risiti za hospitali, za nauli, zote kwenye bahasha moja, na usisahau sindano ni mara kadhaa kwa hiyo gharama haijaisha leo. Ukienda kudai nenda na jumla yenye risiti na barua fupi, wapangie tarehe ya kujibu. Duka linaweza kulipa hapo, kelele za mahakamani zinaweza kuwa ghali kuliko hizo sindano.

Hutaonekana mwenye makelele. Na hata ukionekana, ripoti. Kwa daktari wa mifugo wa eneo lenu kwa ajili ya mbwa na vizimba, kwa afisa afya kwa ajili ya uchafu, na kwa wanaosimamia walaji kama duka linagoma kujibu. Waya kwenye maji hiyo ni ya zimamoto, waombe wakague bila kukutaja jina.

Jambo la mwisho, kuna maduka yakishasikia barua yanakuita ofisini kwa upole, soda mezani, wanakupa hela kidogo ya pole na karatasi ya kusaini. Soma ile karatasi. Kama imeandikwa kwamba umepokea na huna madai mengine yoyote, usisaini mpaka mtoto amalize sindano zote na kidole kipone, chukua nakala uende ukaisome na mtu anayejua sheria. Na kama watakwambia badala ya hela wakupe yule kijibwa bure, subiri kwanza zile siku 10 ziishe.